Kompyuta za Kale Zisitupwe

Limeletwa shauri kwamba fedha zinazochangwa na wanafunzi wa zamani zinunue kompyuta mpya, na zile za kale zilizomo katika chumba cha kompyuta ziuzwe kama vyuma chakavu. Sababu iliyotolewa ni kwamba zimejaa, hazina nafasi tena. Kwa heshima zote kwa wakubwa wetu walioleta shauri hilo, mimi silikubali, nami naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze kwa nini.

Kabati likijaa vitabu, hatuvunji maktaba. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo: kinachojaa ni diski, nayo ni kitu kimoja tu kilichofungwa ndani kwa parafujo nne na waya mbili. Mwenye bisibisi na subira aweza kuibadili, au kuiongezea ya pili kando yake.

Asidhani mtu kwamba hili ni jambo la mafundi peke yao. Tangu mtaala mpya ulipoanza hapa Uganda mwaka 2020, wanafunzi wa kidato cha kwanza mpaka cha nne hufanya miradi, na miradi huleta picha, hesabu na maandishi mengi. Mashine zetu nyingi zina diski za gigabaiti 80 au 160. Basi kila mwisho wa muhula kazi za wanafunzi hufutwa ili wengine wapate mahali. Mwanafunzi aliyepima mvua kwa majuma kumi hurudi kutoka likizoni asizikute tarakimu zake. Huko ni kumfundisha mtoto kwamba kazi yake haina thamani.

Na tutazame njia zilizopo. Kompyuta za mezani kama hizi zetu za Dell OptiPlex hupokea diski za SATA, namna iliyotolewa mwaka 2003 na inayotumika hata leo. Kwa hiyo diski iliyotengenezwa juzi huingia katika mashine ya miaka 15 bila ugomvi. Iliyo bora kwa mashine yenyewe ni SSD ndogo ya gigabaiti 240 hivi, kwa maana hiyo haina kitu kizungukacho ndani. Diski ya kale huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa chake husafiri kwanza kabla ya kusoma. Ndiyo maana mashine huwaka polepole hata kipindi kikakaribia kwisha. Ukiibadili, mashine ile ile hupata miguu mipya. Tena SSD haiogopi kutikiswa. Umeme ukikatika ghafula yaweza kupoteza kilichokuwa kikiandikwa, lakini haina kichwa cha kukwaruza sahani.

Juu ya hiyo, inunuliwe diski moja kubwa ya kuzunguka, ya terabaiti 2, itiwe katika mashine moja iwe ghala la wote. Isizidi hapo, kwa kuwa mashine nyingi za zamani huona shida na diski inayopita kiasi hicho. Wengine watasema, kwa nini isiwe ya nje, ya kuchomeka tu? Kwa sababu mashine hizi zina USB ya namna ya pili, ambayo ni ya polepole. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake, inayosomwa bila intaneti kwa programu ya Kiwix, ni kama gigabaiti 100. Kwa njia hiyo huchukua karibu saa nzima kunakiliwa, na kwa waya wa SATA hupungua hata robo saa au kidogo zaidi. Hebu fikirini shule isiyo na fedha za kununua intaneti kila siku, nayo ina kamusi elezo nzima ndani ya sanduku!

Walakini katika kununua kuna wezi. Msinunue asilani ile flashi iuzwayo njiani ikiitwa ya terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake huwa na gigabaiti chache tu, nayo imefundishwa kusema uongo: hupokea kila kitu, kisha huandika kipya juu ya cha zamani. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza na kuisoma tena mpaka uongo utoke. Diski ya mtumba nayo isomwe saa zake kabla ya kulipwa. Iliyofanya kazi saa 40,000 imekesha zaidi ya miaka minne na nusu, na mwenye duka hatakwambia. Kwa upande mwingine, msigombane naye bure diski ya terabaiti 1 ikionyesha gigabaiti 931. Yeye huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024. Hapo hakuna aliyeibiwa.

Sasa nije kwa hoja yao iliyo na nguvu. Ni kweli kwamba Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu hazikubaliwi na Windows 11. Diski mpya haiponyi hilo. Lakini kwa vile diski mpya hutiwa ikiwa tupu, hapo ndipo pa kuweka Linux, isiyodai ada, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Tena nakubali kwamba mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 haifai kugharimiwa. Hiyo itolewe vipuri. Wala sipingi kompyuta mpya siku fedha zitakapokuwapo. Nipingacho ni kununua tatu mpya za kuonyeshwa wageni siku ya wazazi, hali ishirini zinatupwa kwa kukosa kitu cha bei ndogo kuliko zote.

Wanafunzi wa zamani wangependa, najua, kuona jina la mwaka wao limebandikwa mahali. Na libandikwe juu ya mashine ya ghala. Ila wachange pia diski ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza, inakiliwe kila Ijumaa na kufungiwa katika kabati la Mwalimu Mkuu, kwa kuwa diski zote hufa, na mara nyingi hufa bila kuugua. Kuifunga diski katika mashine moja na kuweka programu zake hakuzidi nusu siku. Likizo ijayo wanafunzi wawili na mwalimu mmoja waanze na ile iliyo karibu na dirisha, ambayo haijawaka tangu muhula wa kwanza.