Ua jipya lisiruke ua

Masika ndiyo haya, na vitalu vya miche vya Ukunda na Diani vimejaa rangi. Nunueni, lakini msichague kwa picha ya simu tu. Lantana pia ililetwa kutoka Amerika kama ua la bustani. Leo imevamia malisho, na ng'ombe akila majani yake adhurika. Mwenye hasara ni mfugaji, si aliyeipanda.

Mie nasema chagueni adenium. Yamea yenyewe porini Pwani, jua yalihimili, na waliopandikiza wametoa rangi mpya kibao. Utomvu wake tu ni sumu, watoto wasichezee.

Mengine, muulizeni muuzaji: huu mmea hujisambaza? Akibabaika, pesa irudi mfukoni.