Bampa Lisomwe Kwanza

Na Kabwe Musonda, mwandishi wa safu hii ya kila wiki

Mvua za kwanza zikishaosha vumbi jekundu la Lubumbashi, mashimo ya barabarani hujaa maji, na dereva hatambui tena lipi ni dimbwi la kina cha kidole na lipi la kumeza gurudumu. Hapo ndipo mafundi wa plastiki wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi wanapopata kazi. Toyota Vitz inaletwa na bampa lililochanika kuanzia kwenye taa hadi kwenye namba. Bajaji inafika uso ukiwa umepasuka. Pikipiki ya abiria imelala kwenye matope na ubavu wake umekatika vipande vitatu. Mwenye chombo huwa na swali moja: bei gani pamoja na rangi?

Swali hilo ndilo linaloua kazi nzuri. Tunalipia rangi, hatulipii kiungo. Fundi naye anajua kwamba mteja ataangalia mng'ao, atalipa na kuondoka, basi anampa mng'ao. Mwezi haujaisha ufa umerudi palepale, na safari hii umekuja na vipande vya mastiki vinavyodondoka barabarani.

Wazee waliowahi kumiliki Peugeot 404 au Volkswagen ile ya duara wanakumbuka bampa la chuma. Tolie, fundi wa bati, alilipiga nyundo, akalinyoosha, akajaza mastiki palipobaki bonde, akapaka rangi, na kazi ikadumu. Plastiki ilikuja polepole. Honda ilipotoa Super Cub mwaka 1958 iliweka kikinga miguu cha plastiki. Citroën Méhari ya mwaka 1968 ilitengenezwa mwili mzima kwa plastiki ya ABS. Renault 5 ikaja mwaka 1972 na mabampa ya plastiki mbele na nyuma. Leo vigari vingi vinavyotufikia kupitia Kasumbalesa, vilivyotumika Japani, vikashushwa bandarini Dar es Salaam, vikavuka Zambia na usukani wake upande wa kulia, vina uso wa plastiki. Karosri, yaani mwili wa gari, imepata ugonjwa mpya, sisi tumeng'ang'ania dawa ileile ya zamani.

Mastiki ya kawaida ni poliesta iliyoundwa kushika bati lililokwaruzwa. Bampa la gari dogo kwa kawaida ni polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo ili lipinde bila kuvunjika, na polipropilini haikubali kushikwa: gundi huteleza juu yake, rangi hubanduka, mastiki hukaa juu tu bila kuingia. Tena bampa hupinda kila gari linapopanda tuta, na mastiki ikishakauka haipindi. Kimoja kinacheza na kingine kimekakamaa, lazima viachane. Supaglu haisaidii zaidi. Jua letu nalo linaongeza shida, kwa kuwa mji huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na miezi ya kiangazi anga haina wingu. Plastiki iliyopigwa na jua hilo miaka mingi hukauka usoni, na asubuhi za baridi za Juni na Julai hupasuka kwa kugongwa kidogo tu.

Dawa yenyewe ipo, na baadhi ya vijana wetu wanaijua. Nilisimama kwa fundi mmoja wa Katuba nikamtazama akifanya kazi. Jambo la kwanza aligeuza bampa kichwa chini, akafuta matope kwa kitambaa chenye petroli kidogo, akatafuta maandishi madogo upande wa ndani. Yalikuwepo: >PP+EPDM-T20<. Herufi hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha bampa. PP ni polipropilini, EPDM ni mpira, na T20 ni unga wa jiwe laini la talki, sehemu 20 kwa kila 100. Mteja, mzee mwenye haraka, akamwambia, "Mwanangu, weka mastiki tu, nina safari." Kijana hakuinua kichwa. "Baba, mastiki nitaweka ukitaka. Lakini utarudi hapa, na utanidai pesa zako."

Kisha akatoboa kitundu kidogo mwisho kabisa wa ufa, ili ufa usiendelee kukimbia. Akakwangua kingo za ufa hadi ukatokea mfereji wenye umbo la V, kwanza upande wa ndani. Akakata vijiti kutoka kwenye bampa bovu lenye maandishi yaleyale, kwa sababu polipropilini huungana na polipropilini tu. Akayeyusha kingo na kijiti kwa pamoja, akazamisha kipande cha wavu wa chuma ndani ya plastiki laini, akafunika juu yake kwa plastiki nyingine. Hakumwagia maji. Aliliacha lipoe lenyewe, ndipo akaligeuza na kuufanya upande wa nje. Rangi ilikuja mwisho, na chini ya rangi akapuliza dawa inayofanya plastiki ikubali kushika. Nililishika bampa lile nikalipinda mahali pa kiungo. Lilipinda lote kwa pamoja.

Kasoro niliyoiona ni moto wake. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo chuma chake kilipashwa kwenye mbabula, jiko la makaa. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na chuma kikianza tu kuwa chekundu kimeshapita nyuzi 500. Hapo plastiki haiyeyuki, inaungua. Kiungo kilichogeuka cheusi chenye mapovu kimekufa, hata ukikipaka rangi ya Paris. Fundi huyu alijua kungoja chuma kipoe kidogo, akakijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Wengi hawangoji.

Kuna kosa lingine ambalo katika mji wa shaba ni rahisi kulifanya. Waya wa shaba uliotolewa kwenye mota mbovu upo kila kona, unapindika vizuri, na mafundi wengi wanaushonea nyufa za mabampa. Lakini shaba ikigusana na polipropilini huiharakishia kuoza, na plastiki inayoizunguka inakuwa ya kumeguka. Waya au wavu wa chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi. Vijiti vya kujazia navyo vichaguliwe. Kiti cheupe cha plastiki kilichovunjika kwa kawaida ni polipropilini, kinaweza kufaa. Bidoni la njano la mafuta ya kupikia ni polietilini, halitaungana na bampa hata ulichome mara ngapi. Ganda la betri ya gari ni polipropilini kweli, ila lina risasi na asidi. Kijana asiliweke kwenye moto, kwa ajili ya mapafu yake na ya watoto wanaocheza karibu naye.

Mbavu za pikipiki zina njia yake, kwa kuwa nyingi ni ABS. Asiyeona maandishi adondoshe tone la asetoni, ile inayouzwa kuondoa rangi ya kucha, mahali pasipoonekana. Pakinata huenda ni ABS, pasiponata hata kidogo huenda ni polipropilini. Vipande vya ABS vikilowekwa katika asetoni ndani ya chupa ya kioo huyeyuka vikawa uji mzito, na uji huo ukipakwa kwenye ufa uliosafishwa hugeuka kuwa plastiki ileile baada ya kukauka. Kazi hiyo haitaki moto hata kidogo. Asetoni ikiwa wazi karibu na mbabula ni ajali inayosubiri.

Na vipo visivyotengenezwa. Kofia ya pikipiki iliyopasuka itupwe, hakuna kiungo kitakachoirudishia kazi yake ya kulinda kichwa. Kifuniko cha mfuko wa hewa kwenye usukani au dashibodi kimepangwa kichanike mahali maalumu, na ukikichomelea unaweza kuuzuia mfuko usifunguke. Bampa lenyewe ni ngozi tu. Nyuma yake kuna mhimili wa chuma unaopokea pigo. Kama mhimili umepinda, kuunga plastiki mbele yake ni kumdanganya atakayenunua gari hilo.

Watu husema haya yote ni kile kifungu cha 15 cha utani wetu, yaani kila mtu ajitegemee. Sikubali. Kijana anayesoma plastiki kabla ya kuigusa ana kazi, kama vile seremala na muashi wana kazi. Ila ameipata kwa kuungua vidole na kuvuta moshi, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Moshi wa ABS inayoungua unawasha macho na koo, una kemikali zisizofaa kuvutwa, na hao vijana wanainama juu yake mchana kutwa bila barakoa. Mabampa yaliyomshinda fundi huishia kwenye mfereji wa maji au kwenye jalala linalowaka jioni, na moshi huo tunauvuta sote, wenye magari na wasio nayo.

Majirani wamefanya kitu. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, inawapima mafundi waliojifunza mtaani na kuwapa cheti cha ujuzi wanaouonyesha kwa mikono. Nchini Kenya, ambako mafundi wa jua kali wanatambuliwa na serikali kwa jina hilohilo, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina mitihani ya ufundi ambayo mtu wa gereji anaweza kuifanya. Sisi Wakongo tuna INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, tangu mwaka 1964, na ipo hapahapa Lubumbashi. Magari tunayoendesha yamebadilika, na ufundi wa karosri lazima ubadilike pamoja nayo. Kozi fupi ya plastiki haihitaji jengo jipya: inahitaji pasi za umeme zenye kupima joto, barakoa, mabampa mabovu ambayo tunayo tele, na mmoja wa hawa vijana wa Katuba aitwe kama mwalimu.

Kwa wenye magari na pikipiki nina ombi dogo zaidi. Safari ijayo, kabla ya kuuliza bei ya rangi, mwambie fundi aligeuze bampa akusomee kilichoandikwa nyuma. Mwulize kijiti chake kimetoka wapi. Angalia upande wa ndani kazi ikiisha, kabla haijapakwa rangi, na kama kiungo kimeungua kikawa cheusi, usilipe mpaka kirudiwe. Kama ni kizuri, mlipe yote anayostahili bila kumpunguzia. Na wakuu wa INPP, vijana hawa wako umbali wa nauli moja ya basi kutoka ofisini kwenu: wafungulieni mlango.