Leso si Mlango: Animeta wa Kenya, Tuache Uvivu

Wasee, leo nasema, na anayetaka kununa anune. Nguo kwenye animesheni zetu za vipande, zile mwili unakatwa kisha unaunganishwa kwa viungo, zinatembea vibaya. Na si makosa ya kompyuta. Ni uvivu.

Nilimwonyesha shosho katuni yangu fupi: mama anaenda sokoni, leso kiunoni. Nilikuwa najiskia sana. Shosho akatazama, akauliza, "Huyu amejifunga leso ama mlango?"

Nilicheka, lakini iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Miguu ya yule mama ilienda, leso ikabaki imesimama kama ubao. Goti likipinda, lilitokeza juu ya kitambaa kama limekitoboa.

Nilikosea wapi? Nilifanya kile wengi wetu tunafanya. Nilichukua rigi ya bure, mwili umeshagawanywa paja, muundi na mikono, nikapaka nguo juu ya vile vipande. Suruali itakubali, kwa sababu suruali inafuata mguu. Leso haifuati mguu. Dera pia, kanzu pia. Nguo hizo zinaning'inia kutoka mahali pamoja, mguu unazisukuma kutoka ndani, halafu zinachelewa kurudi.

Na sisi tumetatua aje? Tumeondoa nguo! Cheki katuni tunazopost: kila mtu jinzi na tishati, hadi shosho wa kijijini. Yaani tunawavua wamama wetu leso juu hatutaki kuongeza mifupa sita. Hapo ndipo nakasirika. Mtoto wa Kayole au Likoni anatazama katuni ya kwao na haoni mtu aliyevaa kama watu wa kwao.

Na kazi yenyewe si uchawi. Ipe leso leya zake mbili, ya mbele na ya nyuma, miguu ikae katikati. Zishikilie kiunoni kwenye fundo, si kwenye paja. Kila leya ipate mnyororo wa mifupa mitatu kushuka hadi kwenye pindo. Goti likienda mbele, lisukume mfupa wa kati wa leya ya mbele. Pindo lifuate fremu 2 au 3 baadaye. Mhusika akisimama ghafla, pindo lipitilize kidogo kisha lirudi. Kwa fremu 24 kwa sekunde, kuchelewa huko ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Jicho halihesabu, lakini linajua. Kanzu ni hivyo hivyo, ila inaning'inia kutoka mabegani.

Sasa visingizio. Navijua, nimevitumia vyote.

"Mteja halipi hiyo taimu." Buda, rigi unajenga mara moja. Faida ya animesheni ya vipande ni hiyo: mhusika mmoja, vipindi hamsini. Masaa unayookoa leo utayalipa kila shoti ukihangaika kuficha goti.

"Programu ni ghali." Blender ni ya bure. OpenToonz ni ya bure tangu 2016. Na kabla hata ya kompyuta, Mjerumani Lotte Reiniger alitoa The Adventures of Prince Achmed mwaka 1926, filamu ya zaidi ya saa moja, kwa kadibodi, mkasi na viungo vya waya. Wewe una laptopu na bado unalia.

"Huku hatujafika hapo." Tinga Tinga Tales ilitengenezwa hapa Nairobi na ikaonyeshwa BBC kuanzia 2010. Wahusika wake ni wanyama, hawana haja ya leso. Uwezo tunao. Sasa tuutumie kwa watu waliovaa.

"Watazamaji hawaoni." Shosho aliona kwa sekunde tatu, na hajui rigi ni nini.

Basi wiki hii jaribu hivi: mhusika mmoja, leso moja, hatua nane. Usiongeze muziki, usifiche miguu nyuma ya kibanda cha mboga. Kisha mpelekee shosho wako. Akiuliza yule mama anaenda wapi, umefaulu. Akiuliza mambo ya mlango, rudi kwa mifupa.