Bunduki ya Rangi: Tuanze na Barakoa

Vijana wanaoutazama mchezo wa peintiboli katika simu sasa wanawaomba wazazi bunduki ya rangi, na wazazi wanatuuliza kama yafaa. Kwa asili chombo hiki si silaha. Kilitengenezwa Marekani kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe, kazi ambayo wafugaji wetu wa Chalinze wataielewa upesi. Mchezo wenyewe ulianza mwaka 1981, watu 12 wakiwindana msituni.

Hata hivyo, kidonge chake, chenye upana wa milimita 17 hivi, huweza kutoka kwa kasi ya mita 90 kwa sekunde. Ngozi huvilia damu, jicho hupofuka. Kwa hiyo cha kwanza kununuliwa ni barakoa ya mchezo huu (miwani ya jua haitoshi), na bunduki ikodiwe uwanjani. Kijana akizoea, imtoshe ile nyepesi ya kidonge kimoja kimoja, itumiayo hewa iliyoshindiliwa. Ya kaboni dayoksaidi huzidi msukumo katika joto kama letu.

Ganda la kidonge ni jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe. Hakiliwi, lakini hupasukia nguoni, na nguo hizo ndizo za kusalia Alasiri. Muuzaji aulizwe.

Mtume (S.A.W.) amekataza kumwelekezea ndugu silaha, na kumpiga usoni. Walioridhiana uwanjani, wamevaa barakoa, tunaona wana nafasi yao. Barazani na njiani mtutu uzibwe. Na kabla ya kuagiza, tuulize kituo cha polisi: askari aliye barabara ya Morogoro hawezi kujua kwa mbali kwamba ndani mna rangi.