Skwati za sebuleni zinataka raba za nini?

Jamani wadau, mtu wa hapa Kibirichia akiambiwa anunue raba kwanza, ataahirisha mazoezi mpaka mavuno ya viazi. Skwati na pushapu mimi nafanya miguu mitupu; vidole vinashika sakafu vizuri kuliko soli laini.

Lakini wahubiri wa miguu mitupu nao wapunguze chumvi. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda maratoni ya Olimpiki bila viatu Roma 1960, akashinda tena na viatu Tokyo 1964, kwa muda bora zaidi.

Kiatu ni kama programu: unaiweka kazi ikiidai. Unaruka kamba uani penye mawe au funza? Vaa. Uko sebuleni? Vua, anza leo. Pesa ibaki mfukoni.