Risala ya Vijana Wapenzi wa Filamu wa Kata ya Iyula kwa Viongozi wa Wilaya ya Mbozi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Ndugu Afisa Utamaduni, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tumekua tukizipenda filamu za watoto mashujaa na maajabu ya anga: E.T. ya mwaka 1982, ambamo watoto wanamtorosha mgeni wa angani kwa baiskeli zao, na Super 8 ya mwaka 2011, yenye kisa cha watoto wa mwaka 1979 wanaotengeneza filamu yao wenyewe. Zilitufundisha kwamba hata mtoto wa mji mdogo anaweza kuuliza maswali makubwa. Tunaomba wadogo zetu nao walipate fundisho hilo.

1. Mahali pa kutazamia. Tumezoea kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao na gunia mlangoni. Mtoto akifika hukuta filamu ya mauaji, kwani ndiyo inayojaza mabenchi. Wazazi wamewakataza watoto kwenda, wala hatuwalaumu. Tunaomba darasa moja lifunguliwe kila Jumamosi alasiri, chini ya uangalizi wa mwalimu, kwa filamu zinazofaa umri wao.

2. Lugha. Watafsiri kama Lufufu walitia sauti ya Kiswahili katika filamu za kigeni, na watu wasiojua Kiingereza wakafuata kisa hadi mwisho. Filamu hizi za watoto, hata hivyo, hutufikia kwa Kiingereza, na mdogo wako hukuuliza kila dakika wamesema nini. Tunaomba mafunzo ya kutafsiri na kuingiza sauti, pamoja na mwongozo wa hakimiliki ili tusivunje sheria.

3. Kimondo. Pale Ndolezi, wilayani humu humu, kipo Kimondo cha Mbozi: chuma kilichotoka angani, chenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Jirani yetu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu ya sayansi ya kubuni. Sisi tunaoishi na kimondo bado hatujapata nafasi ya kusimulia kisa chetu. Tunaomba safari za wanafunzi kwenda kukiona kimondo, na mtusaidie kupata kibali cha kupiga filamu kwa gharama tunayoimudu.

4. Mtaji. Sheria inatenga asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya vijana. Tulipoandika maombi ya kamera na projekta tuliambiwa filamu si mradi, tukafuge kuku. Tulitii, tukafuga, na kamera tunaazima hadi leo. Tunaomba filamu itambuliwe kuwa kazi halali inayostahili mkopo.

Waheshimiwa, tumevumilia kwa muda mrefu bila kunung'unika, kwa kuwa tunawaamini. Mabenchi tutachonga wenyewe, na ulinzi wa vifaa tutaufanya kwa zamu. Tunaomba majibu kabla ya msimu wa kuchuma kahawa, ili watoto waanze wakiwa na nafasi.

Tunaomba kuwasilisha.

Vijana Wapenzi wa Filamu,
Kata ya Iyula.