Rutuba haiko chini, iko juu

Mwandishi, hapo uliposema katika makala yako kwamba msitu wa Amazon umestawi kwa sababu ya udongo wenye rutuba, sikubaliani nawe. Sehemu kubwa ya udongo ule ni hoi. Mvua zimeuosha kwa maelfu ya miaka. Miti inajilisha kwa majani yake yenyewe yaliyoanguka.

Kule San Carlos de Río Negro, upande wa Venezuela wa msitu huo, mizizi imesukana juu ya ardhi kama mkeka. Ukiinua jani linalooza, unakuta vijizizi vyembamba vimeshaling'ang'ania, pamoja na nyuzi za kuvu zinazoivutia miti fosforasi. Mwaka 1978 watafiti Nellie Stark na Carl Jordan walichapisha jaribio lao: walinyunyizia mkeka huo kalisi na fosforasi zenye mionzi, na kilichopenya hadi chini hakikufika hata asilimia 1. Uchoyo gani huo!

Ndiyo maana anayefyeka na kuchoma msitu ili alime huvuna vizuri misimu michache tu, kwa nguvu ya majivu.

Ungegusia pia msitu wa Ituri, Kongo, ambako mti wa mbau nao huishi kwa kushirikiana na kuvu mizizini.